Ruzuku ya mbolea tunayo, ya kulea watoto iko wapi?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nikizidisha maneno utapunguza mwenyewe.

Mwaka 2022 mafuta yalipopanda bei serikali ilitoa bilioni 100 za ruzuku kwa mwezi Juni ili tusiumie sana, na msimu ule ule wa kilimo ikaja ruzuku ya mbolea, mkulima anajiandikisha anapewa namba, anaenda kwa wakala ananunua mfuko kwa bei ya chini na ile tofauti serikali inamalizana na mwenye mbolea. Sina shida na hilo kabisa, shemeji yangu analima na kafaidika. Ninachouliza mimi, hiyo akili mbona haijatumika kwenye kulea watoto wadogo?

Maana angalieni mambo yalivyo. Mama aliyeajiriwa sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi, akijifungua mapacha 100, baba siku 3 yani hata kitovu cha mtoto hakijadondoka yeye kasharudi kazini. Alafu elimu bila ada inaanzia darasa la awali, mtoto ana miaka 5 hivi. Hapo katikati toka miezi mitatu mpaka miaka mitano ukiacha kliniki na chanjo ni juu yako na Mungu wako. Na hapo naongelea mwenye ajira, mama ntilie wa Sabasaba hapa Dodoma au dada anaeuza nyanya soko la Majengo hata hizo 84 hana, anarudi kibandani mtoto hata shingo haijakaza.

Kwa sisi wa Dodoma hili jambo lina uzito wake. Toka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku rasmi watumishi wamekuja na familia zao, wengi kutoka Dar, wakaacha huko mama zao, mashangazi na majirani waliokuwa wanawaangalizia watoto. Nyumba wamepata, barabara zimejengwa, ila bibi wa kumshika mtoto hajahamishwa na mtu. Binti yangu ana bahati mimi nipo hapa Nkuhungu. Kazi yake iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia. Sheria hiyo hiyo ya kazi inasema mama anaenyonyesha apewe mpaka masaa mawili kwa siku akanyonyeshe ndani ya muda wa kazi, haya, atoke Mji wa Serikali, ni zaidi ya kilomita 15 mpaka mjini tu, abadili gari aje Nkuhungu, anyonyeshe, arudi, nani alipiga hesabu hizo? Mtoto akiwa Nkuhungu na maziwa yako Mtumba hayo masaa mawili ni ya kwenye karatasi.

Kwahiyo ruzuku kwakweli ipo, tunaitoa sisi mabibi. Mimi nilikuwa napika maandazi na vitumbua nauza asubuhi, nimeacha, na kikoba nimejitoa maana hela ya hisa itoke wapi. Sisemi namlalamikia mjukuu, yule ananichekesha kutwa nzima, lakini mtu akisema binti ameongeza kipato cha familia akumbuke kuna kipato kingine kimezimwa ili hicho kiwake. Na sijui kama kuna mtu anaandika hiyo hesabu mahali.

Asiye na bibi anatafuta dada wa kazi. Hapo sitaki kukaa sana, mnajua wenyewe, mara nyingi ni binti aliyemaliza la saba juzi kutoka kijijini, nae bado wa kulelewa.

Anaeshindwa dada anampeleka mtoto kwa mama wa mtaani, chumba kimoja, mkeka, tivii na watoto kibao, unalipa elfu moja au mbili kwa siku na uji umebeba mwenyewe. Hizi dei kea za vyumbani zipo Chang'ombe zipo Nkuhungu na nyingi hazina usajili, kwasababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na leseni, ustawi wa jamii waje waangalie eneo, choo, walezi waliosomea. Masharti ni sahihi, mtoto sio gunia la mkaa useme umeliegesha kwenye kona utalikuta jioni. Ila huyo mama choo cha watoto atakijengaje kwa hizo elfu moja moja? Afisa akija anamfungia, kesho yake wale watoto wako kwa mwingine ambae amejificha zaidi, na wazazi wanajua ila wafanyeje na jua limeshachomoza wanatakiwa sokoni.

Hapa ndo nasema tufanye kama mbolea. Kituo kisajiliwe na kisaidiwe kufikia masharti badala ya kufukuzwa, mzazi aandikishwe kwenye mtaa wake na kadi ya kliniki ya mtoto, alipe kiasi kidogo, kinachobaki halmashauri imlipe mwenye kituo moja kwa moja, isipite mkononi kwa mzazi wala kwa mwenyekiti. Waanze na kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, maana hizo orodha tayari wanazo, wafuate wamama wa sokoni na wanaofanya vibarua. Mtumishi kama binti yangu anaweza kulipa ada yake, yeye shida yake ni kituo kiwe Mtumba karibu na ofisi akamnyonyeshe mwanae. Najua kutatokea watoto hewa, kama mwaka 2016 walivyoibuka wafanyakazi hewa, basi afisa awe anapita bila taarifa anahesabu vichwa, mtoto wa miaka miwili hajui kujificha mbele ya mgeni, atamkimbilia tu.

Kuna watakaosema si kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, haina riba. Ni nzuri, na kikundi kinaweza kukopa kikafungua kituo. Lakini mkopo unarudishwa jamani, na ukimkopesha mama mtaji wa dagaa bila kumwambia mtoto ataachwa wapi, mtoto akiumwa kibanda kinafungwa wiki, rejesho halipo, anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Na wasiseme haya ni mambo ya wazungu. Uingereza wana hela, toka Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi kule England wanalipiwa mpaka masaa 30 kwa wiki kuanzia mtoto ana miezi tisa, hao tuwaache. Lakini India walianza vituo vyao vya Anganwadi mwaka 1975, mama wa kijiji hicho hicho anapewa posho, watoto wa chini ya miaka sita wanapata chakula na mafunzo ya awali. Sio vya kutwa nzima na wana malalamiko yao, ila India ya 1975 ilikuwa tajiri?

Sisi wenyewe tunao mpango, ule wa taifa wa malezi na makuzi ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, umezinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021 na ulipangwa kufika 2025/26, na vituo vya mfano vya kijamii vikaanza kujengwa huku na Dar. Kujenga ni hatua, ila mama wa Majengo kituo kikimshinda ada ni jengo tu analipita. Wabunge wakikaa kwenye bajeti waulize fungu la kulipia watoto hao liko ukurasa wa ngapi. Na kituo kikifunguliwa Nkuhungu mimi nitaomba kazi, uzoefu ninao, ila safari hii kwa mshahara.

Bibi wa Nkuhungu,
Dodoma