Kabla hujachukua mkopo wa kamera

Tanga, 9 Juni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipokea juzi nikaisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa wasiwasi, kwa sababu ya lile jambo uliloliweka mwishoni kana kwamba ni dogo: kwamba unakusudia kuchukua mkopo kwenye kikundi chenu ili ununue kamera mpya, kwa kuwa umeshaamini kwamba simu iliyokufikisha hapo ulipo ndiyo inayokuzuia usiende mbele. Umeniomba nikuchagulie aina ya kununua. Niwie radhi, ndugu yangu, maana kwanza nitakueleza kwa nini nakusihi usikope.

Nataka umjue mpiga picha Seydou Keïta, kama bado humjui. Alizaliwa Bamako, nchini Mali, yapata mwaka 1921, na ujana wake alianza na useremala. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wake alirudi kutoka Senegal na Kodak Brownie, kamera nyepesi isiyo na mambo mengi, akampa. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwao, akitumia kamera kubwa ya kusimamisha, yenye negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo picha husafishwa kutoka kwake, za sentimita 13 kwa 18. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe, lenye matamvua, na taa yake aliyoipenda kuliko zote lilikuwa jua la uani. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja mmoja alipigwa picha moja tu.

Hebu lifikirie jambo hilo, wewe na mimi ambao kutoka harusi moja tunarudi na picha elfu mbili. Mtu amevaa nguo yake ya fahari, ameketi, na yule fundi ana nafasi moja. Kazi yote ilibidi iishe kabla kidole hakijabonyeza: bega ligeuzwe kidogo, mkono upate mahali pake pa kupumzika, uso uinuliwe hadi mwanga uuguse, na nakshi za vazi zipimwe dhidi ya nakshi za pazia. Katika baadhi ya picha zake nguo ya mama na pazia la nyuma zote zimejaa maua, na badala ya kugombana zinamzunguka mwenye sura hata macho yake yanakuwa ndiyo mahali pekee palipotulia. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zilizojaa kanga tulikuwa na utajiri huo huo mbele yetu kila siku, na sikumbuki hata mara moja nilipofikiri kuutumia.

Mwaka 1991 picha zake kadhaa ziliwekwa kwenye maonyesho New York bila jina lake, kama kazi ya mpiga picha asiyejulikana. Waliozitazama hawakujua zilipigwa na nani wala kwa chombo gani, na bado zilikuwa na nguvu ya kutosha kumfanya mtu asafiri hadi Bamako kumtafuta aliyezipiga, akamkuta hai. Miaka mitatu baadaye Paris ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Utasema kwamba negativu kubwa namna ile si kitu dhaifu, nami nakubali, kwani nyuzi za vitambaa zinaonekana vizuri kwa sababu hiyo. Lakini kamera za aina ile zilikuwa za kawaida katika studio za zama zake. Si kila studio iliyokuwa nayo ilitoa picha za namna hiyo.

Ipo pia ile picha ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbini, waonekanao kwa nyuma kama vivuli, iliyopigwa na Mhungaria Martin Munkácsi karibu mwaka 1930, na ambayo imezoeleka kuitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika. Henri Cartier-Bresson, kijana wa Kifaransa aliyekuwa amesomea uchoraji, aliiona, nayo ikamvuta moja kwa moja kwenye upigaji picha. Munkácsi alikuwa akitumia kamera ya sahani za kioo, yaani vipande vya kioo vilivyopakwa dawa badala ya filamu. Cartier-Bresson akachukua Leica, kamera ndogo ya filamu, na kwa miaka mingi akashikamana na lenzi ya milimita 50. Vyombo viwili visivyofanana hata kidogo. Kilichovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kilikuwa namna ya kuona, kwamba miguu, povu na mikono hukutana mahali pake kwa muda mfupi sana, na mtu anaweza kujizoeza kuungoja.

Sisemi kwamba vifaa havina kazi. Anayepiga ndege walio mbali au mpira wa usiku anahitaji lenzi ambayo simu haiwezi kuiiga. Ila wewe hupigi hayo; wewe unapiga watu wa mtaani kwenu, mchana, kwa umbali wa hatua tatu.

Na hapa nakuja kwenye sababu halisi ya barua hii. Picha yako ninayoipenda kuliko zote ni ile ya bibi yako akichagua mchele kizingitini, ungo ukiwa mapajani, uliyoipiga kwa simu ile iliyopasuka kioo. Uliniambia kwamba ulikaa naye asubuhi nzima kabla ya kuitoa simu mfukoni. Ulichuchumaa ukawa chini ya kimo chake, kwa hiyo mwanga wa mlangoni ukashuka kwenye vidole, na giza la ndani likabaki nyuma yake bila kitu cha kuudhi. Kisha nikatazama zile za mwezi uliopita ulizopiga kwa kamera uliyoazima, kamera ya bei kubwa: zote zimepigwa kwa kusimama, kwa haraka, na mandhari ya nyuma yamefifishwa hata sijui watu wale walikuwa wapi. Kwangu mimi, tofauti iliyoko kati ya hizo na ile ya bibi ni ile asubuhi nzima uliyokaa.

Nakuomba usiende kwenye kikundi Jumamosi hii. Rudi kizingitini kwa bibi na simu ile ile, saa moja asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, uone mwanga unavyohama, na siku ya kwanza usipige hata picha moja. Ile ya mchele nitumie kama ilivyotoka kwenye simu, bila kuipunguza ukubwa, nami nitaisafisha kwa ukubwa unaotosha kutundikwa ukutani na kumletea bibi nitakapokuja Idi.

Wako daima,
rafiki yako