Kwako Somo, kuhusu siku ya kuondoka kwenda Namugongo

Mwanza,
1 Machi 2026

Kwako Somo,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa Kirumba hatujambo, na natumaini nanyi huko Bukoba mu wazima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu ulipoandika.

Hesabu yako ya hija yetu ya miguu kwenda Namugongo, kule Uganda, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, nimeipitia kalamu ikiwa mkononi. Unasema kwamba kutoka Bukoba hadi Namugongo ni kama kilomita 315, na kwamba tukiondoka Jumatano tarehe 20 Mei, tukatembea kilomita 22 na nusu kwa siku, tutaingia jioni ya tarehe 2 Juni, mkesha wenyewe wa sikukuu, bila kupoteza hata siku moja ya likizo. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba mimi njia hiyo nimekwisha kuipita kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, na nadhani sijawahi kukusimulia sawasawa jinsi nilivyofika.

Mwaka ule tulikuwa watu tisa. Kabla hatujafika Kyaka mvua ilitushika tangu alfajiri, tukakaa kutwa nzima chini ya baraza la duka tukitazama maji yakichimba ukingo wa barabara. Siku ya kwanza ikapotea. Ya pili niliipoteza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimevaa raba mpya, nikiona fahari, na tulipovuka mpaka pale Mutukula kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge kubwa ambalo jioni lilipasuka, soksi ikagandamana na nyama, hata ikabidi niiloweshe kwa maji ya chumvi ndipo itoke. Wenzangu walinisubiri, kisha tukaanza kukimbizana na tarehe: tukatembea juani saa saba mchana, sala tukazikatisha, na mwisho tukapanda teksi kutoka Masaka kama abiria wengine wote. Tulifika asubuhi ya tarehe 3, saa nne na nusu. Misa niliisikia kwenye spika nikiwa nje barabarani, na nilichokiona ni mgongo wa baba mmoja aliyebeba kiti cha plastiki kichwani.

Ndiyo maana nakuomba tuihesabu safari kwa kuanzia mwisho. Tarehe 3 Juni haisogei, na mwaka huu ni Jumatano. Ila Pentekoste husogea kila mwaka pamoja na Pasaka, na safari hii inaangukia tarehe 24 Mei, katikati kabisa ya njia yetu, jambo ambalo wewe hukuligusa. Tukiondoka Bukoba Jumapili tarehe 17 baada ya Misa ya kwanza, tukaenda kilomita 25 kwa siku, Jumamosi jioni tutakuwa Masaka. Hapo tutasali Pentekoste na kupumzisha miguu mahali penye parokia, maji na dawa, badala ya kuipitisha sikukuu hiyo tukiwa kando ya lami. Jumatatu tutaondoka, na kufikia Jumamosi tarehe 30 tutakuwa tumeingia Kampala tukiwa bado na akiba ya siku mbili au tatu.

Najua utasema akiba hiyo ni nyingi. Kumbuka Mei ya 2023, mto Katonga ulipofurika ukaharibu daraja na kuikata barabara ya Masaka na Kampala. Magari yalizungushwa mbali, na mtu wa miguu je? Katonga iko mbele yetu kabla ya kufika Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, na masika haijui kama tuna sikukuu.

Lakini hata mvua isiponyesha tone, bado ningependa tufike mapema. Mashahidi wenyewe hawakufika Namugongo siku waliyouawa. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwahukumu pale Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, wakapelekwa kwa miguu wakiwa wamefungwa, kisha wakakaa kama juma moja wakingoja kuni zikusanywe. Siku ya kuchomwa, tarehe 3 Juni, ilikuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, kwa sababu mwaka ule Pasaka ilichelewa hadi tarehe 25 Aprili, na haiwezi kuchelewa kupita hapo. Sisi tunaikumbuka siku moja tu ya moto, ilhali wao walikuwa na juma zima la kusubiri. Kwa hiyo napendekeza Jumapili ya Utatu, tarehe 31, tusali Kampala, na Jumatatu tutoke Munyonyo kwa miguu hadi Namugongo, kama walivyokwenda wao. Tarehe 2 tutakuwa tumekwisha kupata pa kutandika mkeka, na usiku wa mkesha hatutautumia kusinzia kwa uchovu.

Mambo ya mpakani ni mafupi: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano. Yako iangalie mapema.

Kwa upande wangu nimeanza mazoezi. Jumamosi nitatembea hadi Bukumbi, ambako ni mwendo wa kutwa kutoka hapa mjini, nikiwa na raba zile zile za zamani. Nimepachagua kwa makusudi. Wamisionari wetu Wakatoliki walipoondoka Buganda mwaka 1882 walivuka ziwa wakaja upande wetu huu, wakafungua misheni Bukumbi, na hawakurudi hadi 1885, Mwanga alipowaita. Wakati wote huo ni waumini wenyewe kule Buganda waliofundishana dini. Sisi wa Mwanza huizungumza Namugongo kana kwamba ni habari ya mbali, na mimi huwa sipendi.

Nijibu kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa maana nataka kukata tiketi ya meli ili niwe Bukoba tarehe 15, nilale kwenu usiku mbili kabla ya kuanza. Nitakuja na furushi la dagaa wa kukaanga kwa ajili ya njiani. Wewe leta ile chupa yako kubwa ya chai, maana yangu kizibo kimepotea.

Msalimie sana Mama.

Ni mimi, somo wako.