Magunia ya kilo 90: kuanzia kesho alfajiri

Assalaam aleikum ndugu zangu wa kupakua mizigo sokoni Kongowea, Mombasa. Jana kijana wetu alitwikwa gunia la mahindi la kilo 90 peke yake. Akageuka ghafla na mzigo begani, kiuno kikakataa. Leo yuko kwao, hata kuvaa viatu hawezi.

Basi tuelewane. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Hata hizo mimi naziona nyingi. Waingereza wakipima hatari ya kazi ya kubeba huanzia kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo uwe usawa wa kiuno na umeukumbatia. Ukiuinua kutoka sakafuni, zile 25 hushuka hadi 10. Hapo chini ndipo mgongo unapoumia.

Kwa hiyo gunia la 90 ni mkokoteni, au liachwe kwanza lipunguzwe. Saruji ya kilo 50 muishushe wawili. Ukigeuka, geuza miguu, si kiuno. Tajiri akinung'unika kwamba tunachelewa, mleteni kwangu. Mchango wa dawa za mwenzetu nitaupokea baada ya adhuhuri.