Kwa wanangu mlioitwa baba mwaka huu

Wanangu, salamu nyingi.

Mimi ni mkunga mstaafu wa hapa Tanga. Haya mambo ya mama kulemewa baada ya kujifungua wanawake huyaongea jikoni, wanaume wakiwa hawapo, ndiyo maana safari hii nawaandikia ninyi.

Jirani aliniita nikamtazame mkaza mwanawe, mtoto ana wiki saba. Nilimkuta kwenye mkeka, anakunja pindo la khanga, anakunjua, anakunja tena. Mtoto pembeni amelia mpaka sauti imemkauka. Maziwa yamemlowesha mama kifua kizima, na kikombe cha uji kimeshafanya utando. Akaniambia taratibu, "Bibi, mchukue huyu kabla sijamtupa." Nami, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka ni, "Wote tumezaa, mwanangu, jikaze." Miaka yote ile ya kazi, bado nikasema hivyo! Akarudi kukunja pindo lake.

Mumewe alisema mke ana kiburi tangu azae. Wengine wakasema ana shetani. Kumbe ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, unaompata mama baada ya kujifungua. Kule kulialia kunakoanza siku ya pili au ya tatu huisha kwenyewe ndani ya wiki mbili. Kukivuka hapo, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 hupata maradhi ya akili baada ya kuzaa, na sonona ndiyo inayoongoza.

Siku arobaini nyumba inajaa watu. Mzazi anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anapokezanwa. Zikitimia, mashangazi wanafunga mizigo, na kuanzia kesho yake mama yuko peke yake na mtoto asiyelala. Mwenye ajira, sheria inampa likizo ya siku 84. Baba siku 3. Kliniki mtoto anapimwa uzito, mama haulizwi hata kama usiku alipata usingizi.

Sikilizeni vizuri hapa: wengi wenye sonona hawawadhuru watoto wao. Wanakaa kimya wakihofia kunyang'anywa mtoto, na kimya hicho ndicho kinachowazidishia maradhi. Mtoto akipigwa nyumbani, msikimbilie kusema ni sonona; kipigo kina mizizi mingi. Kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, kuna pombe, kuna mume anayempiga mke na mke akamalizia hasira kwa mtoto. Na kuna namna tulivyolelewa sisi wenyewe: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Aliyelelewa kwa fimbo, akichoka, mkono unaitafuta fimbo. Na akina baba mmo, msijitoe.

Mtoto mchanga hatikiswi. Ukimtikisa kwa hasira, hata kwa sekunde chache, damu inaweza kuvujia kwenye ubongo. Ukiona umefika mwisho, mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, kisha urudi. Mkeo akisema anasikia sauti, au anataka kujiua au kumuua mtoto, mpeleke hospitali saa ileile, wala usimwache peke yake njiani. Ukiona mtoto wa jirani anateswa, piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Yule binti alipewa dawa ambazo mama anaweza kumeza huku ananyonyesha. Mama mkwe akampangia mwanawe zamu: saa nne usiku mpaka saa nane, mtoto ni wake. Wiki za kwanza alilalamika sana. Ilichukua miezi, lakini binti alipona.

Basi leo ikifika saa nne, mpokee mkeo mtoto, umwambie alale.

Ni mimi bibi yenu,
Tanga