Murieti ni kloridi kwa jina la zamani

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita mwandishi wa makala ya mbolea aliwashauri wakulima wa tumbaku waikimbie kloridi, yaani chumvi ya klorini, kwa kuwa ikizidi jani haliwaki vizuri. Hapo yuko sahihi. Lakini sentensi mbili mbele akawaambia watumie murieti ya potashi badala yake. Huyu hakuruka majivu akakanyaga moto. Ameruka moto akatua motoni palepale, maana murieti ya potashi ni kloridi ya potasiamu, KCl, wala si kitu kingine.

Simlaumu sana, kwani jina lenyewe linadanganya. Mwanafunzi yeyote wa kemia akisikia kiishio cha -eti, kama katika salfeti au nitreti, anatarajia kukuta oksijeni ndani ya chumvi hiyo. Murieti haina oksijeni hata chembe. Jina limebaki kama ushahidi wa kosa la watu wenye akili nyingi.

Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walipanga upya majina ya kemia. Lavoisier aliamini kwamba hakuna asidi isiyo na oksijeni. Asidi inayopatikana kutokana na chumvi ya kawaida ilikuwa ikiitwa muriatiki, kutoka neno la Kilatini muria, yaani maji ya chumvi, nayo ikaingizwa katika mpango huohuo, na chumvi zake zikawa murieti. Kwamba oksijeni yake haikuwahi kuonekana halikuwa tatizo. Katika orodha yake ya elementi ya mwaka 1789, Lavoisier aliiwekea nafasi kabisa elementi ya muriatiki ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Ile gesi ya kijani-njano aliyoitoa mkemia Scheele wa Uswidi mwaka 1774 nayo ikadhaniwa kuwa asidi hiyohiyo iliyoongezewa oksijeni, ikaitwa oksimuriatiki. Hadi mwaka 1810 ndipo mkemia Mwingereza Humphry Davy, aliyekuwa ameshindwa kuinyang'anya gesi hiyo oksijeni hata kwa makaa yaliyopashwa moto mpaka yakawa meupe, alipotangaza kwamba haina. Ni elementi, akasema, akaiita klorini kwa rangi yake. Tangu hapo murieti zikaanza kuitwa kloridi, isipokuwa kwenye biashara ya mbolea, ambako jina la zamani limeng'ang'ania mpaka leo.

Nikiwa hapohapo kwenye mfuko wa mbolea: ile 60 inayoandikwa juu yake ni asilimia ya K₂O, oksidi ya potasiamu, ambayo nayo haimo ndani. Ni namna ya kuhesabu tu. KCl safi ina potasiamu kama asilimia 52, na ukiibadilisha katika hesabu ya oksidi unapata kama 63. Kwa hiyo mfuko mmoja unataja oksijeni mara mbili, kwenye jina na kwenye namba, na yote mawili hewa.

Anayesoma vitabu vya kale ajihadhari zaidi. Murieti ya soda ni chumvi ya mezani tu, na murieti ya amonia ni kloridi ya amonia. Lakini likitanguliwa na oksi-, neno hilo linageuka hatari. Oksimurieti ya potashi ni kloreti ya potasiamu, ambayo ikichanganywa na salfa au sukari huweza kulipuka. Oksimurieti ya zebaki ni sumu kali. Mfasiri akiliondoa oksi- kwa kudhani ni pambo, atakuwa ameandika chumvi nyingine kabisa.

Wako wanaotaka neno hili lifutwe katika Kiswahili. Mimi naona libaki pale linapohitajika, kwa maana mkulima atalikuta kwenye mfuko apende asipende, ila mwandishi aongeze papo hapo maneno "yaani kloridi". Na mtu asiligeuze kuwa "chumvi ya potashi", kwa kuwa salfeti ya potashi pia ni chumvi ya potashi, na hiyo ndiyo mwandishi wenu alipaswa kuwatajia wakulima wa tumbaku.

Naomba masahihisho yatoke katika toleo lijalo, kabla hawajanunua.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa kemia