Mashindano ya mbwa yaanze asubuhi na mapema

Mhariri,

Huwa napanga uwanja wa mashindano ya mbwa kuruka viunzi hapa Nairobi. Nawasihi waandaaji waanze saa moja asubuhi, si saa tano jua likishakuwa kali. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho kama sisi. Hutegemea kuhema, na yule anayependa kazi hasimami hata akizidiwa.

Handaki, yaani lile bomba kubwa ambalo mbwa hupita ndani yake, nalo lifungwe kwa mifuko ya mchanga. Juzi moja lilibingirika mbwa akiwa ndani. Alitoka akitetemeka, akakataa kabisa kulikaribia tena. Mifuko ilikuwepo, imeachwa garini!

Zile fito 12 za kupita kwa kupindapinda ziachane sentimita 60, zipimwe kwa futi kamba, si kwa kukisia. Maji yawekwe kivulini, karibu na mstari wa kumalizia.

Mpanga viunzi,
Lang'ata, Nairobi