"Chemsha Bongo" si ya mtu mmoja

Mhariri,

Sijawahi kuwaandikia, ingawa sababu mmenipa nyingi. Hii makala yenu ya rapa Professor Jay imenishinda kumeza. Mmeandika kwamba "Chemsha Bongo" imo kwenye albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu, mkaongeza na aya nzima ya jinsi alivyoibeba Bongo Fleva peke yake. Peke yake na nani? Wimbo ule ni wa Hard Blasters, kutoka albamu yao ya Funga Kazi ya mwaka 2000, na kundi lilikuwa la watatu: Fanani, Big Willy na huyo Jay, ambaye uprofesa wenyewe alikuwa bado hajajipa. Machozi, Jasho na Damu ilitoka 2001.

Mtasema ni kosa dogo. Mimi limenila hela. Kwa kinyozi wangu hapa Temeke kuna kijana mbishi, tukawekeana chipsi mayai. Akatoa simu, akaisoma makala yenu kwa sauti saluni nzima ikisikiliza, kisha akaniuliza, "Sasa mzee wangu, na gazeti nalo linadanganya?" Nusu ya kichwa ilikuwa haijanyolewa, ningekimbilia wapi? Nikalipa. Na waliokaa kuamua ni vijana ambao Funga Kazi inatoka, walikuwa hawajazaliwa!

Halafu Jay mwenyewe mmemdhulumu. Ukishachanganya nyimbo za kundi na zake, utakionaje alichokifanya alipotoka kundini? Kwenye "Ndio Mzee" amejigeuza mgombea, anamwaga ahadi ambazo hata mtoto angezishuku, na umati unaitikia "ndio mzee!" bila kupepesa. Hapo hakuna Fanani wa kumpokea. Mzigo wa kuchekesha na kuchoma ni wake. Marehemu mama, aliyekuwa akiiita rap uhuni, aliucheka wimbo ule mpaka akakaa chini, maana mgombea wa namna hiyo alikuwa akimjua. Mwaka 2015 mtunzi huyo huyo akapanda jukwaa la kweli, akawa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Makala ilikuwa hapo, Mhariri, imejilalia inawasubiri. Mwandishi wenu akaikanyaga, akaenda kutuhesabia wafuasi wa Instagram.

Na watangazaji wa redio nao wasijifiche. Wanapiga "zilipendwa", wanaongea juu ya ubeti mpaka unakwisha, jina la kundi hawalitaji wala la aliyetengeneza mdundo.

Ninachotaka si kikubwa. Mtafutieni mwandishi redio ya kaseti na Funga Kazi, kanda halisi, mumfungie stoo ya gazeti, asitoke mpaka awatenganishe wale watatu kwa sauti, simu yake ikiwa mezani kwako. Na masahihisho yachapwe kwa herufi nene zile zile za kichwa cha habari, si kule chini kwenye matangazo ya viwanja vya Kigamboni.

Msomaji wenu (kwa sasa),
Temeke, Dar es Salaam